Barua ya wazi: hesabuni saa za kusikia, msihesabu vifaa pekee

Kwa mawaziri wa afya na wa elimu, wakurugenzi wa hospitali za uzazi, wasimamizi wa mifuko ya bima, na kila mwenye saini inayotoa fedha ya umma

Waheshimiwa,

Mimi ni mtaalamu wa usikivu wa watoto. Nawapima watoto waliozaliwa na usikivu hafifu au ukiziwi, nawavalisha vifaa vya kusaidia kusikia, kisha nawafuatilia mwaka hadi mwaka nione kama zile sauti zimezaa lugha. Hapo pa mwisho ndipo penye kero iliyonifanya niwaandikie hadharani. Taarifa zenu hutaja vifaa vilivyogawiwa: vingapi, wapi, nani aliyekabidhi, na picha ya mtoto akitabasamu mbele ya kamera. Nazisoma. Bado sijaona hata moja inayosema mtoto yule, miezi sita baada ya picha, anasikia kwa saa ngapi kwa siku, na kama anachosikia ni maneno au ni makelele.

Ombi langu ni moja: badilisheni mnachokihesabu. Mengine yote nitakayosema humu yanatokana na hilo.

Kwanza niondoe jambo linalowachanganya wengi. Wazazi wanashawishiwa kununua mashine ndogo na programu za simu zinazotoa mvumo laini usiku kucha, wakiambiwa kwamba sikio la mtoto litaamka likizungushiwa sauti muda wote. Wazo hilo halikuokotwa njiani. Lina utafiti wa kweli nyuma yake, tena utafiti mzuri. Shida ni kwamba unasomwa nusu.

Miaka ya 1990 watafiti James Willott na Jeremy Turner wa Marekani walifanya kazi na panya wadogo wa ukoo uitwao DBA/2J, ambao hurithi kasoro inayowaondolea usikivu mapema sana maishani, sauti nyembamba zikitangulia kupotea. Waliwaweka baadhi yao kwenye mvumo wa wastani, kama desibeli 70, saa 12 kila usiku. Panya hao walipoteza usikivu polepole kuliko wenzao waliokulia kwenye mazingira ya kawaida ya maabara. Mwaka 2005 Arnaud Noreña na Jos Eggermont wakachapisha jaribio lao juu ya paka waliojeruhiwa masikio kwa kelele kali. Paka waliowekwa papo hapo katika mazingira yenye sauti nyingi za kiwango cha wastani walipoteza usikivu kidogo kuliko wale walioachwa kwenye ukimya, na mpangilio wa sauti katika gamba la ubongo wao, lile tabaka lake la nje, haukuvurugika.

Huo ndio upande unaonukuliwa. Upande wa pili unasema hivi. Willott huyo huyo, alipoendelea na panya wa ukoo mwingine, aliona kwamba matokeo hayakuwa sawa kwa madume na majike, na kwamba sauti ile ile iliyosaidia kundi moja iliweza kulidhuru jingine. Na mwaka 2003 Edward Chang na Michael Merzenich walionyesha jambo linalopaswa kumkosesha usingizi yeyote anayeuza mvumo kwa ajili ya watoto wachanga: vitoto vya panya-buku vilivyolelewa ndani ya kelele ya wastani isiyokoma na isiyo na mpangilio vilichelewa kukomaa katika sehemu ya ubongo inayochambua sauti. Masikio yao yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni sauti zinazoanza na kukoma, zinazopanda na kushuka, ambazo ubongo ungeweza kuzitofautisha. Kelele ilipoondolewa, ukomavu uliendelea.

Ukizisoma tafiti hizo pamoja, hazipingani hata kidogo. Zinaeleza masharti. Ubongo unahitaji sauti, la sivyo njia za kusikia hulegea. Sauti hiyo lazima ifike, kwa maana ya kwamba sikio lililoharibika liweze kuipokea. Tena iwe na umbo, iwe na tofauti ndani yake. Panya wa Willott walikuwa bado na usikivu wa kutosha kuupata mvumo wa desibeli 70. Mtoto aliyezaliwa na ukiziwi mzito haupati kabisa. Unaweza kumzungushia kitanda chake spika kumi, kwake chumba ni kimya. Na mtoto mwenye usikivu hafifu wa wastani anayepata mvumo huo usiku kucha huenda anapata kitu kinachofanana na kile ambacho vitoto vya panya-buku vilipata.

Kuna na hatari ya wazi zaidi. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha vipimo vya mashine 14 za kulaza watoto kwa mvumo. Zilipofunguliwa hadi mwisho, zote zilivuka desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya watoto wachanga hospitalini, na tatu zilivuka desibeli 85, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani hukatazwa kukaa nacho zaidi ya saa nane bila kinga ya masikio. Kwa hiyo, waheshimiwa, likija ombi la fedha za kununua mashine za mvumo kwa ajili ya kutibu ukiziwi wa kuzaliwa nao, lirudisheni. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba mvumo unamrudishia mtoto kama huyo usikivu.

Sasa nigeukie kinachofanya kazi, maana ninyi mnataka kujua fedha iende wapi.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upotevu wa usikivu wa kudumu. Wengine wana kasoro ya kurithi, na katika jamii nyingi inayoongoza ni ya jeni iitwayo GJB2. Wengine waliambukizwa virusi vya saitomegalo wakiwa tumboni, na hao wana ujanja wao: wanaweza kufaulu kipimo siku ya kuzaliwa kisha wakaupoteza usikivu taratibu miezi au miaka baadaye, wakati hakuna anayewatazama tena. Wengine walizaliwa njiti, wakapata manjano kali au dawa zinazodhuru sikio zilizotumika kuokoa maisha yao.

Mtoto mwenye masikio mazima huanza kusikia akiwa tumboni, kuanzia wiki ya 25 hivi ya ujauzito. Anapozaliwa tayari ana zaidi ya miezi mitatu ya kuzoea sauti ya mama yake, mapigo ya maneno, kupanda na kushuka kwa kiimbo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi amekosa yote hayo. Siku ya kwanza duniani tayari ana deni, na deni linakua kila siku tunayosema tungoje kidogo, labda ataongea akifika miaka miwili.

Ubongo haungoji. Rainer Klinke, Andrej Kral na wenzao huko Frankfurt walifanya kazi na paka weupe waliozaliwa viziwi, wakawawekea kipandikizi cha kokleya, kifaa kinachopitisha umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Waliopandikizwa wakiwa wadogo na kuachwa wasikie sauti za kila siku kwa miezi, gamba la ubongo wao lilianza kufanya kazi ya kuchambua sauti. Kadiri kifaa kilivyochelewa, ndivyo gamba hilo lilivyoshindwa. Kwa watoto, Anu Sharma na wenzake walipima mawimbi ya ubongo yanayojibu sauti, wakaona kwamba waliopandikizwa kabla ya kutimiza miaka mitatu na nusu mara nyingi walifikia majibu yanayolingana na umri wao, ilhali wengi wa waliopandikizwa baada ya miaka saba hawakufikia. Udongo uwahi ungali maji. Wahenga hawakuwa na mashine za kupima mawimbi ya ubongo, lakini kauli yao inakaa sawasawa hapa.

Hapa ndipo pana maana halisi ya kumrutubishia mtoto sauti. Kwa mtoto aliyezaliwa na usikivu hafifu, kurutubisha ni kugundua mapema, kuvalisha kifaa kilichopimwa kwa sikio lake, na kisha kujaza siku yake kwa maneno yanayoelekezwa kwake. Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walionyesha mwaka 1998, huko Colorado, kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita na familia zao kuhudumiwa mara moja walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, bila kujali ukali wa upotevu wao wa usikivu. Kutokana na kazi za aina hiyo dunia ikapata kanuni ya 1-3-6: kila mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, uchunguzi kamili uwe umekamilika kabla ya miezi mitatu, na huduma ianze kabla ya miezi sita. Mwaka 2019 kamati ya Marekani inayosimamia kanuni hiyo ilizitaka programu ambazo tayari zinaifikia zilenge 1-2-3, yaani hatua hizo hizo kabla ya mwezi mmoja, miwili na mitatu.

Kipimo cha kwanza si kigumu. Tangu David Kemp agundue mwaka 1978 kwamba sikio zima hutoa mwangwi mdogo sana linapochokozwa kwa sauti, tunaweza kumpima mtoto akiwa usingizini kwa dakika chache. Ila nawaomba msinunue mashine ya aina hiyo peke yake mkadhani kazi imeisha. Mwangwi huo hutoka kwenye kokleya, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Kama kokleya ni nzima lakini taarifa haivuki kwenda kwenye neva, mtoto atafaulu kipimo huku akiwa kiziwi. Watoto waliolazwa wodi ya njiti wako kwenye hatari hiyo zaidi, na hao lazima wapimwe kwa kipimo cha pili kinachosoma majibu ya shina la ubongo. Hospitali inayowapima njiti kwa mwangwi peke yake inawapa baadhi ya wazazi cheti cha uongo.

Nikae kidogo kwenye wodi hiyo ya njiti, maana ni mahali ambapo suala la sauti linaonekana bila pazia. Mtoto aliyezaliwa wiki 10 kabla ya wakati anatoka kwenye sauti laini zilizochujwa na mwili wa mama, anaingia kwenye king'ora cha mashine, mlango wa kitotoshi, kile kisanduku chenye joto anamolazwa, unaofungwa kwa kishindo, na mazungumzo ya zamu za usiku. Mapendekezo ya madaktari wa watoto wa Marekani tangu 1997 ni kwamba kelele ndani ya wodi hiyo isivuke desibeli 45. Wodi nyingi huivuka. Na huku kelele ikizidi, sauti ya binadamu inayomlenga yule mtoto inapungua, kwa sababu mama anaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi tu. Mwaka 2015 Amir Lahav na wenzake waliwasikilizisha njiti sauti ya mama zao na mapigo ya moyo, zikiwa zimerekodiwa, ndani ya kitotoshi. Sehemu ya ubongo inayopokea sauti ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa njiti waliopata sauti za kawaida za hospitali. Sidai kwamba jaribio hilo linatibu ukiziwi. Nadai kwamba kumruhusu mama akae na mwanawe kifuani akiongea naye ni huduma ya ubongo isiyohitaji zabuni, na kwamba saa za wageni katika wodi hiyo zimepangwa kwa raha ya utawala.

Turudi kwa mtoto aliyekwisha kugunduliwa. Amevalishwa kifaa. Picha imepigwa. Nini kinatokea baadaye?

Tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo mno kuliko la mtu mzima, kwa hiyo sauti ile ile ya kifaa inakuwa na nguvu zaidi ndani yake. Kifaa kilichorekebishwa kwa makadirio ya sikio la mtu mzima hakimfai. Inabidi tupime sauti ndani ya sikio la mtoto mwenyewe, na turudie kila anapokua. Halafu kuna moldi, ile plastiki laini inayochukuliwa umbo la sikio lake ili kifaa kikae na sauti isivuje. Mtoto mchanga hukua haraka kiasi kwamba moldi ya mwezi uliopita inaweza kuanza kulegea. Ikilegea, kifaa kinapiga mluzi. Kikipiga mluzi, mama anapunguza sauti, au anakivua kwa sababu watu wanageuka kumtazama. Huo ndio mwisho wa kusikia kwa mtoto huyo, na kwenye taarifa yenu bado anahesabiwa kuwa amehudumiwa.

Moldi mpya hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kifaa. Lakini nani ameiandika kwenye bajeti? Mara nyingi kifaa hulipiwa na programu, moldi ya kwanza ikiwa ndani yake, na za baadaye huachiwa mzazi. Betri hali kadhalika. Betri ndogo za zinki zinazotumiwa na vifaa vingi hudumu siku chache hadi wiki mbili, kutegemea nguvu ya kifaa. Mzazi asiyeweza kununua betri kila mara anafanya jambo la busara kabisa: anamvalisha mtoto kifaa akienda kliniki na akienda kwenye ibada, na siku nyingine anakitunza sandukuni kisiharibike. Sisi wataalamu tukamwandikia kwamba hatoi ushirikiano.

Bruce Tomblin na wenzake walipofuatilia kundi kubwa la watoto wenye usikivu hafifu nchini Marekani, matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliovaa vifaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipiga hatua za lugha ambazo waliovaa kwa saa chache hawakuzipiga. Saa kumi kwa siku, kwa mtoto mdogo, ni karibu muda wote anaokuwa macho. Na jambo linalonishangaza kila mara ni hili: vifaa vingi vya kidijitali hujiandikia vyenyewe ni kwa muda gani vimewashwa. Takwimu ninayoiomba tayari imo ndani ya kifaa kilicho nyuma ya sikio la mtoto. Mtaalamu akikiunganisha na kompyuta anaiona. Haihitaji utafiti mpya. Inahitaji mtu mmoja juu yake amuulize.

Saa peke yake hazitoshi, nakiri. Kifaa kinaweza kuwashwa saa 12 mbele ya televisheni. Sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapozidi mara mbili, na kifaa hukuza kila kinachokifikia bila kujua kipi ni sauti ya mama na kipi ni feni. Herufi kama s, f, sh na th zina nguvu ndogo na sauti yake ni nyembamba, nazo ndizo za kwanza kupotea kelele inapoingia. Mtoto akibaki na "aa" tupu hajui kama ameambiwa saa, taa au kaa. Ndiyo maana tunawafundisha wazazi wakae karibu, wazime televisheni, waongee kuhusu kile mtoto anachokitazama, wangoje ajibu hata kama jibu ni mguno, kisha waendelee kutoka hapo. Mafunzo haya yana jina kubwa vyuoni, lakini ni kikao cha mtaalamu na mzazi sakafuni, kila wiki, kwa miezi mingi. Ni sehemu ghali zaidi ya huduma, kwa sababu ni mishahara, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kwenu mnaoshika elimu, habari ni ile ile ndani ya darasa. Viwango vya Marekani vya mwaka 2002 vinataka darasa tupu lisivuke kelele ya desibeli 35, na mwangwi wake ufe ndani ya sekunde 0.6. Kwa mtoto mwenye kifaa, sauti ya mwalimu inatakiwa izidi kelele kwa desibeli 15. Darasa lenye kuta tupu na dari ya mabati, watoto wakiwa wamejaa, halikaribii hapo. Maikrofoni anayoivaa mwalimu, inayopeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto, huondoa tatizo la umbali kwa sehemu kubwa. Kama fedha ya maikrofoni haipo leo, kuna mambo ya bei nafuu: mtoto akae mbele mbali na dirisha la barabarani, mwalimu asiongee akiandika ubaoni, ukutani pawekwe kitu cha kunyonya mwangwi. Lakini msimpeleke mtoto wa kifaa kwenye darasa la kelele, mkamwita mzito wa kuelewa mwisho wa muhula.

Lipo jambo ambalo baadhi ya wenzangu katika taaluma hawatapenda nilitaje katika barua ya kusikia. Lugha ya alama. Wapo watoto ambao hata kifaa bora hakiwafikishii sauti ya kutosha, wengine wanangoja upasuaji kwa muda mrefu, wengine neva yao ya kusikia haikujengeka. Ubongo wa mtoto unadai lugha katika miaka ile ile ya mwanzo, nao haujali kama lugha inaingia kwa sikio au kwa jicho. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan ulipiga kura kuiondoa lugha ya alama madarasani, na vizazi vya watoto vikalipa gharama. Ilichukua hadi 2010 kwa mkutano wa mfululizo huo huo, uliofanyika Vancouver, kuyakataa maazimio hayo na kusikitika kwa madhara yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unazitambua lugha za alama kuwa ni lugha kamili. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, watu ambao hawajui ishara hata moja. Wazazi hao wapewe walimu viziwi mapema, sambamba na kifaa, bila kulazimishwa kuchagua. Mtoto anayengoja sauti asingoje lugha.

Mtaniuliza kuhusu tiba ya jeni, maana habari zake zimewafikia. Ni kweli. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Shanghai kwa watoto sita waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni iitwayo OTOF. Watano kati yao walipata usikivu baada ya sindano moja ya sikio la ndani. Nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Lakini hiyo ni jeni moja kati ya nyingi, tena isiyobeba sehemu kubwa ya watoto tunaowaona. Na watoto wenye kasoro hiyo ndio hasa wanaofaulu kile kipimo cha mwangwi wakati wakiwa viziwi, kwa hiyo nchi isiyofanya kipimo cha shina la ubongo haitawajua hata dawa ikifika mlangoni. Mtoto aliyefunguliwa sikio kwa sindano naye bado atahitaji mtu wa kuongea naye, kila siku, kwa miaka.

Kuhusu fedha sitawachosha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba usikivu hafifu usioshughulikiwa unaigharimu dunia dola za Marekani bilioni 980 kila mwaka, na kwamba nyongeza ya chini ya dola 1.40 kwa kila mtu kwa mwaka ingetosha kupanua huduma, kila dola ikirudi karibu mara 16 katika miaka kumi. Ripoti hiyo hiyo inasema kwamba katika watu wanaoweza kufaidika na kifaa cha kusikia, ni asilimia 17 tu wanaokitumia. Angalieni neno lililotumika pale: wanaokitumia.

Ninachowaomba, basi, kiandikwe kwenye mwongozo unaofuata na kwenye mkataba wowote mtakaousaini na mtoa vifaa. Mkataba ulipie moldi za mtoto hadi atakapoanza shule, betri au chaji zake, na matengenezo, vyote ndani ya bei moja. Kliniki isome saa zilizorekodiwa kila mtoto anapofika na kuziandika kwenye faili lake. Watoto wa wodi ya njiti wapimwe kwa kipimo cha shina la ubongo, na wenye historia ya virusi vya saitomegalo warudiwe kupimwa hata kama walifaulu mwanzo. Mishahara ya wanaofundisha wazazi, wakiwemo walimu viziwi, iwe na kasma yake isiyoweza kuhamishiwa ununuzi wa mashine.

Na katika taarifa ya mwaka ujao, pale penye safu ya vifaa vilivyogawiwa, ongezeni safu mbili pembeni: umri wa mtoto siku alipovalishwa kifaa, na wastani wa saa anazosikia kwa siku miezi sita baadaye. Kama mwaka wa kwanza safu hizo zitakuwa tupu, zichapisheni hivyo hivyo zikiwa tupu. Sisi tulio kliniki tutajua la kufanya ili mwaka wa pili zijae.

Wenu katika kazi hii,

Mtaalamu wa usikivu wa watoto